Swichi ya Gari la Marcelino

Kwanza kabisa, wale wanaopenda kusema kwamba gari la Bwana Mluzi lilikuwa na shetani, naomba wanyamaze. Nimewasikia kilabuni, nimewasikia sokoni, nimewasikia hata nje ya kanisa baada ya ibada, wakishusha sauti wanaponiona nakuja. Shetani gani? Gari lile nililifungua kwa mikono yangu, nati moja moja, na kila kilichokuwamo ndani yake nilikijua kwa jina. Kama kulikuwa na shetani mahali, basi alikuwa ameshika spana, na alikuwa amevaa koti langu.

Naitwa Gideoni. Mwaka ule wa hamsini na mbili nilikuwa fundi wa magari hapa Njombe. Sijisifu, lakini mafundi tulikuwa wawili tu, na yule mwingine alikuwa mlevi. Kazi nilijifunza jeshini wakati wa vita, katika karakana ya malori kule Nairobi, nikarudi nyumbani na boksi la spana na kiburi kisichoenea ndani ya boksi.

Dada yangu Hulda alikuwa ameolewa na Romanus, Mkatoliki, jambo lililomfanya baba yetu asile chakula siku mbili. Mimi nilimpenda Romanus tangu siku ya kwanza. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Alikuwa dereva wa Mzungu mmoja aliyelima pareto maili sita nje ya mji, ambaye wafanyakazi wake walimpa jina la Bwana Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi kutwa nzima, na alipokasirika aliupiga zaidi. Ulikuwa unausikia mluzi kabla ya kumwona mwenyewe, na wapalizi walioinua migongo kupumzika waliinama tena.

Gari lake lilikuwa dogo, jeusi, la Kiingereza, la kabla ya vita. Kuliwasha ulivuta kitufe cheusi karibu na usukani. Kitufe kilivuta waya, waya ukavuta kipande cha shaba ndani ya kikopo kidogo chini ya boneti, shaba ikagusana na shaba nyingine, umeme wa betri ukaenda kwenye stata na injini ikazunguka. Kikopo hicho ndicho swichi ya stata. Ile ya Bwana Mluzi ilikufa karibu na Pasaka. Aliandika barua Dar es Salaam kuagiza nyingine, na jibu likaja kwamba itatoka Ulaya kwa meli na itachukua miezi.

Kwa hiyo Romanus akawa analiwasha kwa hendeli. Wasioijua hendeli wana bahati. Ni mtaimbo uliopinda, unauchomeka mbele ya gari, chini ya rejeta, unazungusha injini kwa nguvu za mkono wako mwenyewe. Asubuhi za Juni huku kwetu sakitu, umande ulioganda, imelala juu ya majani na oili imeganda kama uji wa jana. Na injini ikikataa hukataa kwa nguvu: inarudi nyuma ghafla na hendeli inakuja na mkono wako. Wiki ya kwanza ya Juni hendeli iliurudisha mkono wa kulia wa Romanus mpaka bega likatoka mahali pake. Mzee mmoja alilirudisha, lakini tangu siku ile mkono ule haukupanda juu ya kifua. Akawa anazungusha kwa mkono wa kushoto, nusu saa, wakati mwingine zaidi, huku jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Jumatatu Bwana Mluzi akamwita. Alimwambia kwa Kiswahili chake kilekile cha shambani, "Ijumaa mimi kwenda Iringa, mkutano. Saa mbili kamili. Gari likiwaka, wewe dereva. Lisipowaka, dereva mwingine." Akaondoka anapiga mluzi.

Jioni ile Romanus alikuja kwangu, akakaa juu ya tairi. Nyumba waliyolala ilikuwa ya shamba. Kazi ikienda na nyumba inaenda, na Hulda alikuwa na mtoto wa miezi mitatu mgongoni na wengine wawili wanaotembea na kukimbia.

"Hendeli ya Ijumaa siiwezi, shemeji," alisema. "Mkono umekufa. Atanifukuza mbele ya watu."

"Hatakufukuza mtu," nikamwambia. "Nitakupatia swichi."

"Utaitoa wapi?"

Sikujua. Katika nchi yote hii ya baridi gari la namna ile lilikuwapo moja jingine tu, nalo lilikuwa la Marcelino wa Makambako, mfanyabiashara wa mahindi, ambaye alilinunua kwa Mgiriki aliyekuwa anahama. Na mimi na Marcelino tulikuwa hatusemezani. Zamani aliniletea gari lake, kisha akaacha, akawa analipeleka Iringa, na kuwaambia watu kwamba fundi Gideoni humaliza kazi kabla mwenye gari hajamaliza kueleza ugonjwa. Neno hilo lilinifikia, likanikaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni.

Jumanne dereva wa lori la mbao aliposimama karakanani kwangu kutia maji akatuambia: "Marcelino wa Makambako amefariki. Tangu Jumapili. Ajali ya gari."

Wengine waliokuwapo waliguna, wakasikitika. Mimi, Mungu anisamehe, kabla sijasikitika nilikwisha kuifikiria swichi.

*

Jumatano nilipanda lori, nikafika Makambako saa nne. Upepo wa Makambako mnaujua. Ulikuwa unabeba vumbi la njia panda na kulimwaga kwenye maduka, na watu walitembea wamejifunika mablanketi mpaka puani. Nyumba ya msiba ilikuwa nyuma ya maduka, na niliijua kwa mbali kwa wingi wa watu.

Kwetu, ukifika msibani, unaingia. Unatoa pole, unakaa chini, na mtu wa ukoo anakueleza jinsi kifo kilivyokuja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hata kama amewaeleza watu mia, wewe wa mia na moja utaelezwa yote, neno kwa neno. Msemaji akichoka hupewa maji, akaendelea. Hakuna aondokaye pale bila kujua. Kisha mali ya marehemu haiguswi, hata jembe, mpaka tanga liondolewe na wazee wakae. Hayo yote niliyajua vizuri sana, na kwa sababu niliyajua ndiyo maana nilizunguka nyuma ya nyumba.

Nilijiambia hivi: nikiingia, nitakaa mpaka jioni. Nikiomba swichi, wazee watasema subiri tanga liishe. Ijumaa haitasubiri tanga. Nikajiambia pia kwamba nitarudi baada ya msiba nimwombe radhi mjane na kumlipa. Nilikuwa na majibu kwa kila swali, isipokuwa lile ambalo sikuliuliza.

Gari lilikuwa limesimama kando ya kihenge. Nilikuwa nimetegemea kuona mabati yaliyokunjamana na vioo vilivyovunjika, kwa kuwa ajali niliyoifikiria ilikuwa ya kupinduka au kutumbukia mtoni. Halikuwa na mkwaruzo. Vioo vizima, milango mizima, taa zote mbili nzima. Bampa tu ilikuwa imepinda kidogo upande wa kushoto, na mtu alikuwa ameipangusa kwa kitambaa cha maji, maana palikuwa pasafi kuliko sehemu nyingine yote ya gari. Mtu amekufa kwa gari, na gari halikuumia. Mwenye akili angeuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Mimi nilifungua boneti.

Waya mnene wa betri ulikuwa umechomolewa. Ncha yake ilikuwa imefungwa kwa tambara, tambara likazungushwa kamba ya katani, likakazwa fundo juu ya fundo, kisha waya wenyewe ukafungwa mbali na betri kama mbwa mkali. Nikafurahi, nikaona wamenipunguzia kazi.

Kutoka ndani ya nyumba niliisikia sauti ya mwanamume akisimulia kwa Kibena, taratibu, anakatiza, anaendelea. Mahali fulani katika habari yake wanawake waliangua kilio, kisha kukawa kimya. Baadaye wakaingia wageni wengine na sauti ile ikaanza tena mwanzo, na ilipofika mahali palepale wanawake wakalia tena. Maneno yenyewe sikuyashika. Upepo ulikuwa mkali, na wala sikutaka kuyashika. Nilikuwa nafungua nati ya pili.

"Kamwene," mtu akasema nyuma yangu.

Nikaruka. Alikuwa bibi mmoja amebeba sufuria la kuosha. Nilimfahamu, ni Paskalina, shangazi yake marehemu.

"Kamwene, mama," nikajibu.

Alinitazama, akaitazama boneti iliyo wazi. "Umeingia ndani, mwanangu?"

"Nimeingia, mama. Nimetoa pole."

"Wamekueleza?"

"Wamenieleza."

Akaweka sufuria chini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa siku tatu za kilio. Alinyoosha kidole kwenye kikopo kile nilichokuwa nimekishika.

"Ndicho hicho chenyewe?"

"Ndicho."

"Basi umesikia mwenyewe kilivyofanya," alisema. "Vema uking'oe. Kapeleke mbali, mwanangu, kisirudi kwa watu. Mungu akubariki kwa kazi hiyo."

Nikaitika, "Amina." Nilijisemea moyoni: hawa nao, na imani zao za vitu vya marehemu. Nikatia swichi mfukoni, nikafunga boneti polepole ili isilie, nikaenda kungoja lori.

Nitasema sasa yule mama alichokijua, kwa sababu sitaki kumficha msomaji kama nilivyojificha mwenyewe. Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Marcelino alivuta kitufe. Ilikuwa baridi kali na injini nzito. Swichi ilishika na haikuachia. Stata ikazunguka na kuzunguka mpaka ikatoa moshi. Marcelino akachomoa waya wa betri. Akaigonga swichi kwa jiwe, akaona imeachia. Akachukua hendeli, akasimama mbele ya gari, akamwambia ndugu yake arudishe waya. Gari lilikuwa ndani ya gia. Swichi ilikuwa haijaachia, na waya uliporudi gari likamwendea.

Hiyo ndiyo habari iliyokuwa ikisimuliwa mle ndani tangu Jumapili. Kufikia Jumatano Makambako nzima iliijua, wauza mahindi, walinzi wa maduka, watoto wa shule. Katika watu wote waliokanyaga ua ule ni mimi peke yangu niliyekuwa siijui, na ni mimi niliyeondoka nayo mfukoni.

*

Romanus alinipokea barabarani. Nikamwonyesha swichi, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akacheka kwa mabega, bega la kulia likimuuma.

Kisha akauliza, "Uliingia kutoa pole?"

"Niliingia."

"Maskini. Alikufaje?"

"Kwa ajali."

"Ajali gani?"

"Ajali ya gari, shemeji. Ajali gani tena? Wewe unataka swichi au unataka hadithi?"

Akaigeuza swichi mkononi. Alikuwa mtu asiyependa kubishana. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, na mimi naongeza kwamba mara nyingi anayefika mwisho wake ni mwingine.

Alhamisi mchana niliifungua ile swichi juu ya meza ya Hulda. Shaba zake zilikuwa zimeungua, nyeusi, zenye mashimo madogomadogo. Fundi yeyote akiona shaba namna ile anajua kwamba ziliwahi kushikana kwa moto. Nililijua hilo. Springi yake nayo ilikuwa imelegea. Nikazisugua shaba kwa tupa mpaka zikang'aa, springi nikaivuta kwa koleo ikawa ndefu kidogo, nikasema moyoni, "Basi, imepona." Nikaifunga kwenye gari, nikakaza nati, nikarudisha waya wa betri.

"Vuta," nikamwambia Romanus.

Akavuta. Jua lilikuwa limelichoma boneti mchana kutwa, oili laini. Likawaka mara moja. Akazima, akavuta tena, likawaka. Alifanya hivyo mara kumi kama mtu aliyepewa kengele ya kuchezea. Hulda akatoka jikoni na mtoto mgongoni, akapiga vigelegele hadi wapalizi wakasimama.

"Kumbe Walutheri mna maana," Romanus akanitania.

"Tuna maana kuliko mishumaa yenu Wakatoliki," nikamjibu, na tukacheka wote watatu. Nilikuwa na furaha ya kweli. Nilikula kwa dada yangu, nikalala hapohapo, ili asubuhi niwepo.

Asubuhi ya Ijumaa sakitu ilikuwa nyeupe mpaka kwenye paa la gari. Moshi wa jikoni haukupanda, ulitambaa chini. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, limeelekea ukuta wa mawe wa ghala la pareto, hatua mbili tu kutoka ukutani. Breki yake ya mkono haikufaa kitu, na katika nchi hii ya vilima sote tulikuwa tunaegesha hivyo: unatia gia, gari linakaa. Mkono wa dereva hufanya hivyo wenyewe, bila kumwuliza mwenyewe.

Saa moja na nusu Romanus aliingia, akatoa gia, akakanyaga breki, akavuta kitufe. Injini ikazunguka kwa uzito, ikagoma. Akavuta tena, ikagoma. Mara ya tatu ilizunguka kwa kulalamika, yeye akaachia kitufe, kitufe kikarudi mahali pake, na stata haikusimama.

"Achia!" nikapiga kelele.

"Nimeachia!"

Iliendelea kunguruma, na harufu ya kuungua ikaanza kutoka. Nikafungua boneti, nikang'oa waya wa betri. Kimya. Tukatazamana kupitia kioo cha mbele.

Nikaigonga swichi kwa spana. Kitu ndani kikalia, *tak*. "Imeachia," nikasema.

Hapo, nikiwa nimeushika ule waya mkononi, nikaliona lile tambara la Makambako, lile fundo juu ya fundo. Nililiona kabisa, na kitu ndani yangu kikaanza kuuliza ni nani aliyelifunga na alikuwa anaogopa nini. Kama ningepewa dakika moja zaidi, labda ningefika mwisho wa swali. Lakini mluzi ulisikika kutoka nyumba kubwa. Ulikuwa unakuja taratibu, kwenye njia ya changarawe, pamoja na viatu.

Romanus aliusikia pia. Uso wake ukabadilika.

"Betri imechoka. Tutumie hendeli," alisema. "Nikizungusha mara mbili litawaka, injini imekwisha kulainika. Haraka, shemeji."

Alitoka ndani. Gari lilianza kuteleza kidogo kwenye sakitu, naye, mguu mmoja nje, akasukuma gia mahali pake ili likae, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya udereva. Kila siku nyingine aliitoa kwanza kabla ya kwenda mbele. Asubuhi ile mluzi ulikuwa umefika kwenye kona ya ghala. Akachukua hendeli, akapita kati ya bampa na ukuta, akachuchumaa, akaichomeka kwa mkono wa kushoto.

"Rudisha waya," alisema.

Hendeli bila betri haiwashi injini. Kila dereva anajua. Nikarudisha waya.

Gari liliruka. Halikupiga kelele nyingi, stata tu ilinguruma na matairi yakasaga changarawe, na zile hatua mbili zikaisha. Liligonga na halikurudi nyuma. Liliendelea kusukuma, kusukuma, na Romanus alikuwa kati yake na mawe. Niling'oa waya, ukaniunguza kiganja, na kovu lake ninalo. Gari likatulia palepale lilipokuwa. Nikakimbilia ndani kutoa gia. Sikuipata, nikaipata, nikalisukuma nyuma kwa bega langu peke yangu. Mpaka leo sijui nguvu zile zilitoka wapi.

Mluzi ulikuwa umekatika. Bwana Mluzi alisimama kwenye kona ya ghala na mkoba wake wa mkutano, mweupe kama chokaa.

Romanus alikuwa hai. Alikaa ameegemea ukuta, miguu imenyooka mbele yake, na kutoka kifuani kwenda chini sitaeleza. Alikuwa anatazama mikono yake. Hulda alikuja anakimbia. Nilitegemea apige yowe. Hakupiga. Alipiga magoti, akamfuta mumewe uso kwa khanga, akaniangalia.

"Hospitali," alisema.

Hospitali ilikuwa mjini, maili sita, na shamba zima lilikuwa na gari moja.

"Gideoni," dada yangu alisema. "Liwashe."

Tukambeba, watu wanne na mimi wa tano, tukamlaza kiti cha nyuma. Nikaishika gia, nikaitikisa, imetoka. Nikaitikisa tena. Mara ya tatu. Nikawaondoa watu wote mbele kwa matusi ambayo sijawahi kuyasema tena. Kisha nikagusisha waya kwenye betri. Stata ikanguruma peke yake, kama nilivyojua sasa kwamba itafanya, na injini, iliyokwisha kupata joto, ikakamata. Nikachukua nyundo, nikaipiga ile swichi ya Marcelino. Niliipiga ninalia, niliipiga mpaka kikopo kikapasuka na shaba zake zikaachana. Stata ikanyamaza. Injini ikabaki inaunguruma vizuri, laini, kama gari jipya.

Bwana Mluzi aliingia mwenyewe kwenye usukani. Mimi nilikaa nyuma na kichwa cha Romanus mapajani. Hulda hakupata nafasi. Nilimwona anakimbia nyuma yetu na mtoto mgongoni mpaka kona ikamficha.

Barabara ilikuwa mbaya, na Mzungu aliendesha vizuri, akikwepa kila shimo. Tulipokuwa tunapita mashamba ya miwati Romanus alifungua macho. Alisikiliza kwa muda. Nilidhani anasikiliza maumivu yake, kumbe alikuwa anasikiliza injini.

"Limewaka?" akauliza.

"Limewaka, shemeji."

"Saa ngapi sasa?"

Nikatazama mkono wa Bwana juu ya usukani, pale saa yake ilipokuwa. "Bado dakika kumi kufika saa mbili."

Alifumba macho, akayafumbua. Niliona kwamba amefurahi, na sijawahi kuona kitu kilichoniumiza namna ile.

"Mwambie Bwana," alisema.

Bwana alikuwa mbele yetu, umbali wa mkono. Alikuwa amesikia kila neno, shingo yake ilikuwa nyekundu na mabega yamekakamaa. Hata hivyo niliinama mbele, nikamwambia kwa adabu zote, "Bwana, Romanus anasema gari limewaka kabla ya saa mbili." Aliitikia kwa kichwa bila kugeuka. Nilipomrudia shemeji yangu kumjulisha kwamba Bwana amesikia, alikuwa amekwisha kwenda.